Gari ya chini: jua stendi itakaa wapi kabla hujagusa jeki

Kama ndo umepata gari ya spoti ya chini na unataka uanze kumwaga oili na kubadili breki pedi mwenyewe nyumbani, shida yako ya kwanza sio spana wala oili, ni kuingia uvunguni. Mimi siku ya kwanza nilichukua jeki ya magurudumu niliyoizoea kwenye gari ya kawaida, nikaisukuma chini ya bampa ikagota. Uvungu ulikuwa na sentimita kama 11, jeki ikiwa imelala kabisa inasimama 13. Badala ya kupima nikahamia ubavuni nikalazimisha, nikapasua skati, ile plastiki ya pembeni chini ya milango. Gari haijapanda hata kidogo na mi tayari natafuta gundi!

Kwahiyo pima kwanza. Jeki za chini zipo, nyingi zikilala zinakuwa sentimita 8 au 9 hivi, lakini hata hiyo peke yake inaweza isikusaidie kwa mbele, maana sehemu ya kunyanyulia iko ndani sana na mpini unagonga bampa ukitaka kupampu, unabaki unapampu vipande vipande tu. Dawa ni mbao. Tafuta mbao mbili pana za unene wa sentimita 4 hivi, chonga ncha ziwe na mteremko ili tairi lisizisukume, halafu panda nazo taratibu na matairi ya mbele. Ukitaka kubebanisha mbili mbili zipigilie misumari kabisa, usizilaze tu juu ya mwenzie.

Sasa jeki imeingia, hapa ndo wageni wengi tunakwama. Kwenye kitabu cha gari unaoneshwa pointi nne za jeki pembeni, moja kila kona. Unaweka jeki kwenye hiyo pointi, gari inapanda vizuri kabisa, unachukua stendi (kile kiguu cha chuma chenye meno cha kubeba gari ili jeki isibaki peke yake) uiweke... uiweke wapi? Pale inapotakiwa kukaa ndo jeki ilipo. Ndo hapo mtu anaanza kubuni, anaibandika stendi kwenye bati la sakafu linabonyea, au anaamua "ah, dakika tano tu" anaingia chini na jeki peke yake. Hiyo usifanye hata sekunde tano, sili ya jeki ikiachia oili hakuna atakayekuambia inakuja.

Lala chini na tochi kabla ya kazi uamue stendi zitakaa wapi, jeki inafuata baadaye. Mara nyingi jibu ni kunyanyua katikati ili pembeni kubaki wazi. Kwenye Mazda MX-5 kwa mfano unanyanyua mbele kwa krosmemba (chuma kinene kinachopita kwa upana chini ya gari) katikati na nyuma kwa difu (lile boksi la gia katikati ya matairi ya nyuma), stendi zinakaa pembeni kwenye pointi za kiwandani. Lakini usidhani kila gari iko hivyo, maana Corvette za C5 mpaka C7 (kizazi cha tano mpaka cha saba) zina springi ya faiba inayopita kwa upana chini ya gari, ukiiangalia kwa haraka unaweza kusema ni chuma kizuri cha kuwekea jeki, ukiinyanyulia hapo unaweza kuiharibu. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, pia sio ya jeki, wala zile plastiki za uvunguni ambazo zinaficha krosmemba, nazo zinapasuka tu. Fuata kitabu cha gari yako.

Anza na mbele. Ukianza nyuma pua inainama, na ule uwazi mdogo uliokuwa nao mbele unaisha, jeki haiingii tena. Na kabla ya kunyanyua legeza nati za matairi, weka kabari kwenye matairi yanayobaki chini, mbele na nyuma ya tairi. Handbreki kwenye gari nyingi inashika matairi ya nyuma tu, gia nayo inashika yale yanayoendeshwa na injini, kwahiyo siku unanyanyua nyuma ya gari inayosukumwa na matairi ya nyuma vyote viwili havina kazi, imeshikwa na kabari zako basi.

Jeki haipandi wima ujue, kichwa chake kinakata tao, kwahiyo lazima magurudumu yake yatembee kidogo wakati inapanda. Kwenye kokoto yanazama, kichwa kinateleza. Fanya kwenye zege iliyonyooka. Lami ikipata jua miguu ya stendi inazama, weka kipande cha plaiwudi chini yake.

Ukitaka kona zote nne (oili ya gia inataka gari ikae levo, bila hivyo utajaza kipimo cha uongo) panda kwa awamu, mbele meno mawili, nyuma meno mawili, rudi mbele. Ukipandisha upande mmoja mpaka mwisho stendi za upande mwingine zinainama. Kila awamu hakikisha meno yameshika kweli, mwaka 2020 kule Marekani stendi za tani 3 na tani 6 ziliitwa zirudishwe kwa sababu meno yalikuwa yanaweza kuachia. Mi napenda stendi za pini, zile unazopitisha pini kwenye tundu badala ya kutegemea meno. Halafu sukuma gari kwa nguvu ukiwa bado uko nje, na tairi ulilofungua lilaze chini ya ubavu liwe akiba stendi ikiachia.

Kushusha nako kuna mtego. Mimi nilizitoa zile mbao gari ikiwa juu ili nipate nafasi ya kulala, nikasahau kuzirudisha. Nimefungua vavu ya jeki, gari inashuka vizuri, bampa ikakaa juu ya mgongo wa jeki kabla jeki haijalala yote. Nikaanza kupampu upya, nusu mpini nusu mpini, mbao ziko pembeni yangu zinaniangalia.