Diski moja ya nje haitoshi

Ndugu, hiyo diski ya nje ya kuwekea nakala rudufu (backup) mnayoiacha imechomekwa kwenye seva ya SACCOS usiku na mchana haitoshi. Kirusi cha kufunga mafaili na kudai pesa kikiingia, kitafunga na hiyo diski. Nunueni mbili mzipokezane kila siku. Isiyo zamu ichomolewe, ikalale jengo jingine, data ikiwa imesimbwa, yaani haisomeki bila nenosiri.

Ila kubwa zaidi ni kujaribu kurejesha data kutoka kwenye nakala hizo. Januari 2017, kwenye kampuni ya GitLab, inayowahifadhia watengeneza programu kazi zao mtandaoni, mhandisi alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata ya seva kuu. Walipogeukia nakala rudufu za kila siku, hazikuwepo: zilikuwa zinafeli kimyakimya, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono takriban saa 6 kabla.

Kwa hiyo kila mwezi rudisheni data kwenye kompyuta nyingine kabisa, fungueni akaunti ya mwanachama mmoja, mlinganishe salio na la kwenye seva. Na muulizeni meneja: miamala ya siku nzima ikipotea, mtaweza kuiingiza upya kutoka kwenye stakabadhi? Kama hapana, nakala ya usiku pekee haiwatoshi, chukueni na ya mchana.