Wasifu wa mzee aliyekuwa baba na babu: namna ya kuuandaa

Pole sana kwa msiba, mkuu. Umeuliza wasifu wa mzee uandikwe vipi, ikiwa mmepewa dakika 5 za kuusoma na kila mmoja anataka mzee atajwe kama baba na pia kama babu. Nimeshashikishwa kalamu kwenye misiba mingi, kwa hiyo nakujibu kwa yale yanayokwamisha watu.

Anza na muda. Kiswahili kikisomwa taratibu mbele ya wafiwa hakivuki sana maneno 100 kwa dakika. Dakika 5 ni kama maneno 500, ila wewe ishia 430, maana koo litamkaba msomaji tu. Chapa kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa ziwe na namba na zisibanwe kwa pini. Nakala ya pili aishike mtu aliyesimama jirani na msomaji. Wakubaliane kabla: kimya kikifika sekunde 10, yeye anapokea pale pale palipoachwa.

Mwaka wa kuzaliwa ndio huanzisha ubishi. Kwa mfano, kitambulisho kinasema 1944, cheti cha shule 1941, na shangazi anaapa ni kabla ya hapo. Ukiona 1 Januari au 1 Julai, shuku: mara nyingi karani alijaza tu nafasi. Msipige kura. Ulizeni mdogo wake anayemfuata alizaliwa lini na walipishana miaka mingapi, kisha angalieni mwaka aliomaliza shule na mwaka wa ndoa. Ikishindikana, andikeni "alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940". Muhimu ni kwamba kinachosomwa kifanane na kitakachoandikwa kaburini.

Majina sasa, na hapa usiwe na haraka. Orodhesha watoto kwa kufuata kuzaliwa, wa ndoa zote na wa nje ya ndoa wanaotambuliwa, pamoja na waliotangulia mbele ya haki. Mtoto aliyerukwa hadharani hasahau, na kuomba radhi baadaye hakusaidii sana. Orodha ipitiwe na mkubwa wa ukoo na angalau mtu mmoja wa kila nyumba, usiku wa kuamkia mazishi, si asubuhi yake. Wajukuu wakizidi kumi, taja idadi tu na majina yao yachapwe kwenye kijitabu cha mazishi. Hesabu hiyo ifanye kwa kwenda nyumba kwa nyumba; ukimuuliza mtu mmoja atakupa wajukuu anaowaona mara kwa mara.

Shule, kazi na vyeo vimalizwe kwa aya moja. Wengi hula dakika 3 hapo, halafu mzee anabaki kama barua ya kuomba kazi. Ugonjwa: sentensi mbili, shukrani kwa waliomuuguza, basi.

Nafasi iliyobaki ni ya mtu mwenyewe. "Alikuwa mkarimu, mcheshi na mpenda watu" inamfaa marehemu yeyote, hivyo haimwelezi yeyote. Wakusanye watoto na wajukuu mbali mbali, kwa sababu mwanamume huyo huyo huwa watu wawili: baba aliyehesabu chenji ya dukani hadi senti ya mwisho, na babu aliyeficha pipi kwenye mfuko wa koti na kujifanya kashtuka zikikutwa. Hiyo tofauti ndiyo wasifu. Usiulize "babu alikuwaje?", watakujibu "alikuwa mzuri". Uliza: mkiwa wawili tu alikuwa anakwambia nini? Alikuita jina gani? Akikasirika alifanya nini na mikono yake? Katika majibu ishirini chagua mawili, uyaandike kwa maneno yale yale waliyotumia. Kama alikuwa anakohoa kwanza mlangoni ndipo apige hodi, sema hivyo hivyo, usiongeze maelezo. Watu watacheka kidogo kisha watalia, na msomaji aachiwe nafasi ya kupumua hapo.

Picha ya kijitabu: ile ya pasipoti, milimita 35 kwa 45, ukiiskani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) inatoa pikseli 413 kwa 531 tu, na ikikuzwa inakuwa ukungu. Iskani kwa dpi 1200 ikiwa itajaza ukurasa wa A5 (nusu ya A4). Picha iliyoganda kwenye albamu usiibandue. Ipige ilipo, karibu na dirisha, simu ikiwa sambamba nayo na mwanga wa kamera umezimwa. Mnapotumiana kwa WhatsApp, tumeni kama hati, vinginevyo inapunguzwa ubora. Kijitabu cha karatasi zilizokunjwa katikati kinakwenda kwa kurasa 4, 8 au 12, kwa hiyo maandishi ya kurasa 6 yatakuacha na mbili tupu. Zijaze na majina ya wajukuu.

Jambo la mwisho, ambalo hukumbukwa kwa kuchelewa: simu ya mzee. Msiitoe laini wala kumpa mtu mwingine kabla ya kuhamisha picha na ujumbe wake wa sauti. Namba isiyotumika hatimaye hugawiwa mtu mwingine, na akaunti ya WhatsApp hufutwa baada ya siku 120 bila kutumika. Wajukuu nao watafute kwenye simu zao sauti alizowatumia, wazihifadhi sehemu mbili tofauti. Faili lipewe jina lenye tarehe na aliyetumiwa, maana "AUDIO 0017" baada ya miaka mitano hakuna atakayeifungua.