Mboga za Lushoto zinatufikia Tanga zimechoka: tujenge chumba cha mkaa?

SWALI: Asalaam aleikum mtaalamu. Sisi ni kikundi cha kinamama wa Mikanjuni, Tanga mjini. Tunanunua mboga na matunda kwa wakulima wa Lushoto na Muheza, tunayasambaza kwa bajaji ya mizigo kwenye mitaa iliyo mbali na masoko makubwa, hasa Mwambani na Chongoleani, kwa bei ambayo mtu wa kipato kidogo anaimudu. Faida inabaki kwenye kikundi kukuza huduma. Tatizo ni uharibifu. Tunapakia Lushoto mchana, mzigo unafika usiku, na kesho yake karibu robo ya nyanya na mboga za majani haiuziki. Tumeshauriwa tujenge chumba cha kupoza chenye kuta za mkaa unaomwagiwa maji. Kitatufaa? Na bei tuipangeje?

JIBU: Waaleikum salaam, dada zangu, na hongereni kwa kazi. Nianze na chumba cha mkaa, maana ndicho kinachotaka kuwatoa fedha mfukoni: kwa Tanga mjini, msikijenge.

Chumba cha aina hiyo hupoza kwa njia moja tu. Maji yaliyo kwenye mkaa yanapokauka na kugeuka mvuke, huchukua joto la hewa inayopita ukutani. Hewa ikiwa kavu, kazi hiyo huenda kwa kasi. Dodoma wakati wa kiangazi, nje pakiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 40, chumba kilichojengwa vizuri kinaweza kushuka hadi nyuzi 22 hivi. Hewa ya pwani yetu imekwisha kushiba maji. Siku ya nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75, hata mjenge kwa ufundi gani, hamwezi kwenda chini ya nyuzi 27. Ni nyuzi nne kwa hesabu ya karatasi, na kwa vitendo zitakuwa tatu. Ndani yake mboga zitachelewa kunyauka kwa sababu ya unyevu, hilo nalikubali, lakini faida hiyo mnaipata kwa gunia la katani lililoloweshwa na kufunikwa juu ya kreti.

Baridi mnayoitafuta iko kule mnakonunua, na mnaiacha. Lushoto iko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, na kimo hicho peke yake kinaifanya iwe baridi kuliko pwani kwa nyuzi 8 au zaidi. Usiku pengo linaonekana zaidi, hasa Juni hadi Agosti. Mboga iliyochumwa bado inapumua: inachoma sukari yake, inatoa maji na joto. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya kuchakaa kwake huongezeka mara mbili hadi tatu. Kabichi iliyokatwa saa saba mchana inaingia kwenye gari na joto la shamba ndani yake, na ikishabanwa katikati ya wenzake joto hilo halina pa kutokea.

Kwa hiyo cha kubadilisha kwanza ni ratiba. Sasa hivi gari lenu linateremka Soni, linaingia Mombo kwenye joto la tambarare, linapita Korogwe, Segera na Muheza, na muda wote mzigo unajipasha wenyewe chini ya turubai. Zungumzeni na wakulima wachume jioni, jua likishapoteza makali. Mazao yalale kwenye banda lenye paa na pande zilizo wazi, yakiwa kwenye kreti zilizoachiana nafasi, ili hewa ya usiku ya Usambara iyatoe joto bila gharama. Kabichi hupoa polepole sana, zisirundikwe hata kidogo. Pakieni saa nane au saa tisa usiku, mfike Tanga alfajiri, mgawe mzigo kabla jua halijapanda. Barabara ya Lushoto hadi Mombo ina kona kali na korongo kando yake, basi tafuteni dereva anayeijua na amepata usingizi, na gari lisizidishiwe mzigo. Hakuna nyanya yenye thamani ya maisha ya mtu.

Turubai liwe la rangi nyepesi. Mboga za majani na karoti zifunikwe kwa magunia mabichi. Nyanya, vitunguu na viazi vibaki vikavu, maana maji juu ya ngozi iliyochubuka ndiyo mlango wa uozo. Viazi vikingwe mwanga pia. Vilivyogeuka kijani vina sumu, msiviuze kwa bei yoyote.

Jambo la pili nalisema kwa mkazo: acheni kununua mchicha na chainizi Lushoto. Jani jembamba likipoteza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake kwa maji, limekwisha sokoni, na safari ya kutoka mlimani inatosha kulifikisha hapo. Mboga za majani zitoke jirani: Pongwe, Muheza, bustani za pembezoni mwa mji. Zichumwe alfajiri na ziuzwe siku hiyo hiyo. Matembele, kisamvu, bamia na nyanya chungu vinastahimili joto la pwani, na mama wa Mwambani anajua kuvipika kwa nazi vikaliwa na nyumba nzima. Mlimani leteni vinavyovumilia safari: kabichi, karoti, viazi mviringo, hoho, pea na plamu msimu wake. Muheza iwape machungwa na ndizi. Mkigawa hivyo, nusu ya tatizo lenu inaondoka bila kununua kifaa hata kimoja, na fedha inawafikia pia wakulima wadogo wa karibu ambao leo hamnunui kwao.

Nyanya zina habari yake. Nadhani sehemu kubwa ya robo inayooza haiharibiwi na joto bali na tenga. Tenga ni refu, linajazwa mpaka juu, likishonewa majani mdomoni, na nyanya za chini hubeba uzito wa zote kwa kila shimo la barabara. Mbao zake nazo zinachubua. Nunueni kreti za plastiki zenye matundu, kina chake sentimita 30 hivi, kila moja ikibeba kilo 20 au zaidi kidogo, zinazopandana bila kugusa mzigo wa chini. Ni gharama, lakini hudumu miaka na husafishika kwa sabuni. Mwambieni mkulima achume nyanya zinazoanza kugeuka rangi, zilizoiva kabisa ziliwe huko huko. Zikifika ziwekeni kivulini penye upepo. Msizitie kwenye friji, kwani chini ya nyuzi 10 nyanya ambayo haijaiva huumia, huiva kwa mabaka na kupoteza ladha.

Tena msichanganye. Ndizi, maembe, maparachichi na nyanya zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huzifanya mboga za majani zigeuke njano na karoti ziwe chungu. Kwenye bajaji tengeni kwa umbali na upepo, na kwenye stoo tengeni vyumba kama mnaweza.

Siku mtakapokuwa na mzigo wa uhakika kila juma, tujadili chumba kidogo chenye kuta zilizozibwa joto na kiyoyozi, kikiwekwa nyuzi 12 au 13. Kiwango hicho kinafaa nyanya, bamia, hoho na biringanya, na hata majani yatashukuru. Kwa sasa ni mapema.

Kuhusu bei, wengi hukosea kwa kugawa gharama kwa kilo walizonunua. Gaweni kwa kilo mlizouza. Chukueni mfano: kilo 100 za nyanya kwa shilingi 100,000, na usafiri shilingi 20,000. Zikiuzika zote, kilo moja imewagharimu 1,200. Zikioza 25, kila kilo iliyouzwa imewagharimu 1,600, kabla hamjalipa bajaji wala mtu aliyesimama juani. Mteja wa Chongoleani ndiye anayelipia nyanya zilizotupwa. Mkipunguza uozo hadi kilo 10, gharama inashuka hadi 1,333 hivi, na hapo mna nafasi ya kushusha bei bila kuomba msaada kwa mtu.

Uzeni kwa kilo, kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na mkulima naye mumnunulie kwa kilo. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni kumwibia, na kikundi kinachojiita cha kijamii hakiwezi kuanza na wizi shambani. Hoteli na migahawa ya mjini iuzieni bei ya soko. Tofauti hiyo ibebe mafuta ya safari za mbali. Ila msipeleke mjini kilicho kizuri na mabaki Mwambani. Sipendi kabisa kuona mboga ya jana ikifanywa ndiyo chakula cha wenye kipato kidogo. Jaribuni pia kapu la juma lenye bei moja: mteja anaagiza Jumatano, analipia kwa simu, nanyi mnajaza kilichopo kwa msimu. Mkijua mapema kilo zinazohitajika, hamtanunua za kubahatisha.

Tangu leo pimeni kila kinachotupwa na muandike sababu: kimebonyea, kimenyauka, kimeoza, hakikununuliwa. Kwa miezi miwili tu mtajua fedha iende kwenye kreti, kwenye gari au kwenye maagizo. Daftari hilo hilo mlichukue mkienda ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri kuulizia mkopo usio na riba, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Kikundi kiwe kimesajiliwa na kina akaunti yake benki. Andikeni mnaomba kreti na mizani. Chumba cha mkaa kiondoeni kwenye orodha.