Maswali ya Wasomaji: Kooyong, kiti cha Menzies, na namna kilivyopotea

Tangu uchaguzi wa Australia wa 2025, barua nyingi zimekuja kuhusu jimbo moja la uchaguzi, Kooyong, lililoko mashariki mwa jiji la Melbourne, huko Victoria. Tumechagua maswali yanayojirudia. Ili tusichanganye mambo, hapa neno "jimbo" lina maana ya eneo linalochagua mbunge mmoja wa bunge la shirikisho. Victoria, New South Wales na wenzao, yaani sehemu kubwa zinazounda shirikisho hilo, tutawaita washirika.

Nasikia Kooyong kilikuwa kiti cha chama kimoja tangu mwanzo. Ni kweli?

Karibu, lakini si hivyo hasa. Kooyong ilichagua mbunge wake wa kwanza mwaka 1901, katika uchaguzi wa kwanza wa Shirikisho. Aliyepita ni William Knox, wa upande wa biashara huria. Mwaka 1910 akafuata Robert Best, mwaka 1922 John Latham, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Australia, kisha mwaka 1934 Robert Menzies. Menzies alikikalia kiti hicho hadi 1966, na hakuna aliyeshika uwaziri mkuu wa nchi hiyo kwa muda mrefu kama yeye. Walifuata Andrew Peacock (1966 hadi 1994), Petro Georgiou (1994 hadi 2010) na Josh Frydenberg (2010 hadi 2022). Chama cha Liberal kilianzishwa 1944, kwa hiyo wale wa mwanzo walikuwa wa vyama vilivyokitangulia. Linalowaunganisha wote ni kwamba Labor, chama cha wafanyakazi na mpinzani mkuu wa Liberal, haikuwahi kushinda hapo, hata mara moja.

Wengi huishia hapo na kusema wapiga kura wa Kooyong walikuwa watiifu tu. Warudi nyuma waitazame 1922. Mwaka huo Best alikuwa mbunge aliye kitini, na Latham alimwangusha kwa kampeni ya kumkataa Waziri Mkuu Billy Hughes, ingawa yeye na Best wote walikuwa wahafidhina. Wapiga kura hao walimfukuza mbunge wao bila kuwapa Labor kiti. Miaka 100 baadaye walifanya jambo lenye sura ileile: walimwondoa Frydenberg, Waziri wa Fedha na naibu kiongozi wa Liberal, wakamchagua Monique Ryan, daktari wa mishipa ya fahamu ya watoto, aliyegombea bila chama.

Mwaka 2022 Frydenberg aliongoza kura za kwanza. Nimezoea kwamba anayeongoza ndiye mbunge. Iweje akashindwa?

Kwa sababu Australia haimtafuti anayeongoza, inamtafuta aliyevuka nusu. Utaratibu huu wa mapendeleo umetumika katika uchaguzi wa wabunge tangu 1918. Mpiga kura hupewa karatasi yenye majina yote na huandika 1 kwa anayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, hadi nambari ya mwisho. Nambari 1 zote huhesabiwa kwanza. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho hutolewa, na kila karatasi yake huhamia kwa jina lenye nambari inayofuata ambalo bado limo. Kazi hiyo hurudiwa mpaka wabaki wawili.

Sasa weka takwimu za 2022. Frydenberg alipata takriban asilimia 42.7 ya kura za kwanza, Ryan 40.3. Iliyobaki ni asilimia 17, ya Labor, Greens (chama cha mazingira) na wagombea wadogo. Karatasi hizo zilipohamishwa, Ryan alifika takriban asilimia 52.9. Maana yake, kati ya hizo pointi 17, karibu 12.6 zilimwendea yeye: kura tatu kati ya kila nne.

Lakini ushindi wake ulianza kabla ya uhamisho. Mwaka 2019 Labor na Greens kwa pamoja walikuwa na asilimia kama 38 hapo Kooyong. Mwaka 2022 walibaki na 13 hivi. Wapiga kura wao walikuwa wameshahamia kwa Ryan kwenye nambari 1 yenyewe. Hilo lilikuwa la lazima. Mgombea huru akishika nafasi ya tatu hutolewa mapema, na mapendeleo mazuri yote ya wengine hayamfikii tena. Akiwa wa pili na mpinzani hajafika nusu, yanamfikia. Ndiyo maana dalili ya hatari kwa Frydenberg ilionekana 2019, alipopata asilimia 49.4 ya kura za kwanza. Bado alishinda vizuri, lakini kwa mara hiyo ushindi wake ulitegemea karatasi za watu wengine.

Kura inaharibikaje katika utaratibu huo?

Katika karatasi ya mbunge (ile ya Seneti ina masharti mengine), makosa ya kawaida ni matatu: kuandika 1 peke yake na kuacha visanduku vingine, kurudia nambari ile ile, au kuruka nambari katikati. Alama ya tiki au ya X haitoshi. Likiachwa sanduku moja tu tupu na mengine yote yakawa na nambari zinazofuatana, kura inahesabika, kwa kuwa lile tupu linachukuliwa kuwa la mwisho. Mpiga kura akiandika jina lake, au jambo lolote linalomtambulisha, kura imekwenda.

Kituoni karani huuliza mambo matatu: jina kamili, anwani, na kama umeshapiga kura katika uchaguzi huu. Kitambulisho hakihitajiki. Ukikosea karatasi kabla ya kuiingiza sandukuni, irudishe upewe nyingine. Watu wengi hawajui hilo, wanafutafuta mpaka nambari hazisomeki. Kupiga kura ni lazima tangu 1924. Asiyepiga bila sababu ya kuridhisha hutozwa dola 20 za huko.

Kooyong ina funzo lake hapa. Mwaka 2019, hapo na katika jimbo jirani la Chisholm, chama cha Liberal kilibandika mabango kwa Kichina yenye rangi ya zambarau na nyeupe, rangi zinazofanana na za Tume ya Uchaguzi, yakimwambia msomaji kwamba njia sahihi ya kupiga kura ni kuandika 1 kwa Liberal. Balwyn, mtaa wa Kooyong, na mitaa ya karibu ina wakazi wengi wenye asili ya China. Kesi zilifunguliwa kwa majimbo yote mawili. Mahakama ilikubali Desemba 2019 kwamba mabango ya aina hiyo yaliweza kupotosha, ila haikutengua matokeo. Kwa maoni yetu ilikuwa hila mbaya, kwa sababu iliwalenga watu waliokuwa wakitafuta maelekezo ya kweli.

Kwa nini mipaka ilibadilishwa kabla ya 2025?

Kwa sababu ya hesabu ya watu. Kila mshirika hupewa viti kulingana na idadi ya watu wake. Idadi ilipopimwa upya, Victoria ilishuka kutoka viti 39 hadi 38, New South Wales kutoka 47 hadi 46, na Western Australia ikapanda kutoka 15 hadi 16. Bunge likatoka wabunge 151 hadi 150. Kiti kilichofutwa Victoria ni Higgins, jirani wa kusini wa Kooyong.

Baada ya hapo mistari huchorwa kwa masharti mawili: wapiga kura walioandikishwa wasizidi wala kupungua asilimia 10 ya wastani wa mshirika huyo kwa sasa, na kwa makadirio ya miaka mitatu na nusu mbele, tofauti isizidi asilimia 3.5. Sharti hilo la pili ndilo linalobana. Kooyong ikapokea mitaa kutoka Higgins, ikiwemo Toorak, Malvern na Armadale, juu ya Hawthorn, Kew na Camberwell iliyokuwa nayo. Wengi wa wapiga kura hao wapya hawakuwahi kuwa na Ryan kama mbunge wao, na Toorak ni ngome ya zamani ya Liberal. Mwaka 2025 Amelia Hamer wa Liberal aliongoza kura za kwanza, na Ryan akabaki na kiti kwa takriban asilimia 50.7 baada ya mapendeleo.

Kwa nini matokeo huchukua wiki?

Jioni ya Jumamosi ya uchaguzi vituo hufungwa saa 12. Makarani huhesabu nambari 1, kisha hugawa karatasi zote kati ya majina mawili ambayo Tume imeyachagua kabla na kuyaficha hadi vituo vifungwe. Ikiwa Tume imekisia vibaya ni nani watabaki wawili, mgawo huo unatupwa na kurudiwa.

Kura za posta ndizo zinazochelewesha zaidi. Lazima zijazwe kabla ya saa 12 jioni hiyo, lakini zinapokelewa hadi siku 13 baadaye, na bahasha hukaguliwa mojamoja kabla ya kufunguliwa. Tofauti ikiwa chini ya kura 100, kwa kawaida hesabu nzima hurudiwa. Mwaka huohuo wa 2025, katika jimbo la Bradfield huko Sydney, hesabu ya kwanza ilimpa Gisele Kapterian wa Liberal kura 8 za ziada. Karatasi zilipopitiwa upya, Nicolette Boele, mgombea huru, akashinda kwa kura 26. Katika marudio kama hayo mawakala wa pande zote mbili hubishania karatasi mojamoja: hii ni 1 au 7, hii ni 4 au 9. Ndiyo maana mpiga kura wa Kooyong mwenye mwandiko wa haraka anashauriwa aandike 1 kama mstari mnyoofu na 7 yenye kofia inayoonekana.