Msimbo wa mradi wa wanafunzi ni wa nani?

Ndugu uliyeuliza kama kampuni inayofadhili mradi wa wanafunzi wa uhandisi wa programu ndiyo inayomiliki msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, jibu limo katika mkataba kati ya chuo na kampuni, nao kwa kawaida husainiwa kabla wanafunzi hawajaandika hata mstari mmoja. Katika chuo cha Harvey Mudd, California, ambako utaratibu wa aina hii, uitwao Clinic, ulianza mwaka 1963 upande wa uhandisi na baadaye ukaingia sayansi ya kompyuta, mfadhili hulipa ada kwa chuo, kundi la wanafunzi wanne au watano hivi hulishughulikia tatizo lake chini ya mwalimu mshauri, na haki za kazi hiyo kwa kawaida huwa za mfadhili. Vyuo vingine huwaachia wanafunzi haki zao, kwa hiyo someni kabla ya kusaini.

Mimi ningehofia zaidi jambo ambalo hukuliuliza, yaani mtu wa kampuni atakayewajibu maswali. Kundi letu lilikaa wiki tano likisubiri nywila ya hifadhidata ya majaribio, kwa sababu mhandisi tuliyepangiwa alikuwa amehamishiwa idara nyingine na hakuna aliyetuambia. Ombeni mapema jina la mtu huyo na la msaidizi wake, pamoja na saa maalumu ya kikao kila wiki, na muhtasari wa kikao mtumieni siku hiyo hiyo.