Kibofu kimetolewa, kwa nini bado anapigwa picha?

Pole kwa kuuguza, ndugu. Umeuliza kwa nini mzee anaendelea kupimwa ilhali kibofu hakipo, na kama figo "kutanuka kidogo" kwenye ultrasaundi ni hatari.

Ukuta wa ndani wa kibofu ni wa aina moja na ule wa mirija inayoshuka kutoka kwenye figo. Kama kibofu kiliondolewa kwa sababu ya saratani, inaweza kuota huko juu pia. Ndiyo maana hupigwa CT (eksirei ya kompyuta) yenye dawa ya mshipani inayoonekana kwenye picha: picha za mwisho huchukuliwa dakika kadhaa baadaye, dawa ikishachujwa na figo na kujaza mirija. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, hupimwa kwanza. Figo zikiwa dhaifu, huenda wakachagua MRI (picha ya sumaku).

Kuhusu kutanuka: kwa mtu aliyewekewa kipande cha utumbo kinachotoa mkojo nje kupitia tundu la tumboni, kutanuka kidogo ni kawaida, kwa kuwa mkojo hurudi juu kwa urahisi. Linganisheni na picha ya zamani (msiipoteze hiyo CD!). Kukiongezeka, huenda mrija umesinyaa pale uliposhonwa kwenye utumbo, hasa wa kushoto, maana huvutwa kupita nyuma ya utumbo mpana. Hapo huweza kuingizwa dawa ya picha kupitia tundu hilo la tumboni na kupiga eksirei: ikipanda hadi figo, njia iko wazi.

Akipata homa na maumivu ya kiuno, au mkojo ukipungua ghafla, msisubiri kliniki. Mpelekeni siku hiyohiyo.