Kuunganisha kitenge na ukili bila kupasua ukindu

Umeunganisha kitenge na ukili, yaani ukanda uliosukwa kwa ukindu (majani ya mkindu), na sasa ukili unapasuka kwenye mshono? Huenda ni kwa sababu umetumia cherehani. Sindano yake inatoboa jani lenyewe, na ule mstari wa matundu yaliyobanana unalifanya kama stempu: vuta kidogo, linachanika. Shona kwa mkono. Chukua sindano butu ya kushonea sweta, upitishe uzi kwenye upenyo kati ya miaa (vipande vya majani) iliyosukwa, si ndani ya jani, kila baada ya sentimita 1 hadi 1.5. Uzi uwe wa pamba, mnene, uliopakwa nta ya mshumaa. Nailoni nyembamba inakata ukindu kama wembe.

Kitenge kifue na ukipige pasi kabla, maana kikisinyaa baadaye kazi yote inajikunja. Kunja pindo mara mbili, uzi upate pa kushika.

Ukili ufunike kwa kitambaa kibichi dakika 10 hivi, ulainike tu. Usiuloweke: ukishonwa umejaa maji, ukikauka unapungua upana na mshono unalegea. Gundi ya mbao? Kwa kipande cha majaribio sawa, ila inakakamaza kitenge, na ukili ukipindwa inabanduka.